Mrija wa Fundi Najua

Kwanza ilikuwa namba tu. Kifaa cha kupima maji ya tangi la samaki, katika chumba cha kusubiri cha daktari wa meno, kiliandika joto nyuzi thelathini na saba, ilhali ukitia kidole maji ni baridi, na samaki wote wamejibanza kona moja.

Akaitwa Fundi Najua. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna alichowahi kuambiwa akakubali kwamba hakijui. Mwenyewe alidhani anasifiwa. Aliingia adhuhuri, wagonjwa wameshaondoka, akampita mama mfagiaji bila salamu, jinsi alivyozoea kumpita mkewe mlangoni.

"Hicho si kibovu, mwanangu," mama alisema kwa sauti ya chini. "Thelathini na saba ni joto la mtu. Humo mna jini, na anatafuta pa kutokea."

"Upuuzi," fundi akajibu. Ndilo lilikuwa neno lake la asubuhi na la jioni.

Akakifungua kifaa. Akasugua kijiglasi cha kupimia kwa mswaki laini, akafuta kijiti cha joto, akakijaribu ndani ya ndoo ya maji: ishirini na mbili, sawasawa. Akakirudisha tangini: thelathini na saba. Harufu ya pumzi ya mtu aliyelala siku nyingi ikamjia puani. Akaidharau nayo.

"Mrija wa kuvutia maji umeziba tu," akasema.

Kitabu cha kifaa kinaagiza mrija uzibuliwe kwa bomba la sindano. Vitabu Fundi Najua aliwaachia wasiojua. Yeye alinyonya kwa mdomo.

"Usinyonye, baba. Nakuomba, usimpe mlango."

"Kafagie huko."

Akanyonya. Kitu vuguvugu kikapanda mrijani, kikapita kooni bila kumezwa, na hapo akataka kutema mdomo ukakataa, akataka kuita yakatoka mapovu, na baridi ikampanda kutoka nyayoni hadi utosini, baridi ya maji, maji juu na maji chini, hata akaona nje ya kioo fundi mmoja amepiga magoti, mrija mkononi, anajifuta midomo taratibu, na fundi yule alikuwa yeye mwenyewe.

Samaki wakamkimbia.

Yule wa nje akainuka, akakusanya vifaa vyake kwa adabu. "Shikamoo, mama."

Mama mfagiaji akaukamata ufagio kwa mikono miwili. Miaka sita mtu huyu hakuwahi kumsalimu.

"Marahaba," akanong'ona. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Mke wangu ananingoja."

Najua akakipiga kioo kwa nguvu zake zote, akiliita jina la mkewe. Kifaa kikavuta maji, kikapima, kikaandika.

"Bado ni thelathini na saba," mama alisema, akiisoma namba.

Yule akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akatazama ndani.

"Upuuzi," akasema.