Safari ya Marehemu Mkeka

Mwaka 1956, hapo Mabawa mjini Tanga, aliishi Semeni, au Mama Sabiha, na mumewe Uweso. Semeni alisuka mikeka. Uweso alipika sabuni ya mafuta ya nazi, na alilalamika. Kazi zote mbili alizifanya kwa bidii.

"Sabuni ya kiwandani imeingia tena kutoka Kenya," alisema asubuhi moja. "Inanukia kama harusi. Nani atanunua yangu?"

"Yako inanukia kama chungu," Semeni alijibu. "Mimi nawaza mikeka yangu. Idd inakaribia, na kaka yangu wa Mombasa ana wateja. Isipofika kabla ya Idd, jasho langu la mwaka mzima litaliwa na panya."

"Na ushuru wa mpakani je? Unadhani nchi ya watu inaingiwa kama jiko la mama yako?"

Semeni hakuwa ameuwaza ushuru. Wala hawakwenda kuuliza, maana Uweso alikuwa mjuaji, na mjuaji haulizi.

"Nimepata hila," Uweso alisema. "Maiti hapekuliwi."

Basi mikeka ikaviringishwa, ikafungwa shuka jeupe, ikalazwa juu ya ubao na kufunikwa kanga. Ilikuwa maiti nzuri sana. Semeni mwenyewe alitaka kulia kidogo. Marehemu akapewa jina la Bibi Kijakazi wa Mwera, bibi yake Uweso, ambaye saa hiyo alikuwa kwake Mwera, mzima, anakuna nazi.

Ndani ya basi walimkuta jirani yao Fanueli, karani wa forodha katika bandari ya Tanga. Alikuwa anakwenda Mombasa kumtazama dada yake. Semeni aliivuta kanga, akamfunika marehemu vizuri zaidi.

Fanueli alivua kofia. "Poleni sana, Mama Sabiha. Ni nani?"

"Bibi Kijakazi. Tunampeleka kwa nduguze Mombasa."

"Masikini. Juzi tu alipokuja Mabawa alinipa madafu."

"Ndiyo dunia, bwana," alisema Uweso, akapangusa jicho kavu.

Horohoro, mpakani, askari aliinua kizuizi na kupiga saluti. Uweso alimfinya mkewe kwa furaha. Basi likasogea kidogo, gurudumu likapasuka.

Watu wa Horohoro ni waungwana. Wakiona maiti njiani hawangoji kuitwa. Wanaume walimshusha marehemu, wakamweka kivulini.

"Mwepesi, mashaallah," alisema mzee mmoja.

"Alikuwa mtu wa kufunga," alijibu Uweso.

"Ameoshwa?"

"Bado, mzee. Ataoshwa Mombasa."

"Mombasa, na jua hili? Mwanangu, maiti hacheleweshwi. Kina mama, leteni maji."

Maji yakaja, ndoo kwa ndoo. Kabla hayajamwagwa, Semeni aliona akilini rangi nyekundu na zambarau zikitiririka mchangani, na kazi ya mwaka mzima ikienda nazo. Akajitupa juu ya marehemu.

"Msimwoshe. Atachuja rangi."

Kina mama wakatua ndoo.

"Mama Sabiha," Fanueli alisema polepole, "Bibi Kijakazi anachuja rangi?"

Semeni akafungua shuka. Mzee akatazama mikeka, akatazama ndoo, akaketi chini kwa kicheko. Wengine wakamfuata.

"Marehemu kasukwa vizuri," alisema mama mmoja. "Anauzwa?"

Fanueli alivaa kofia yake. "Mlikuwa mnakwepa nini?"

"Ushuru," alisema Semeni.

"Ushuru upi? Tanganyika, Kenya na Uganda zina soko moja. Mkeka uliosukwa Tanga unaingia Mombasa bila ushuru. Hata shilingi ni ile ile. Ushuru ni wa vitu vya ng'ambo. Sahani ya Japani hutozwa kiasi kile kile, ishuke Tanga au Mombasa."

"Ndiyo maana sahani ni ghali," alisema Semeni.

"Hiyo ni hasara moja ya soko hili. Ya pili ni kwamba viwanda vingi vimejengwa Kenya, si kwetu."

Uweso alikunja uso. "Kwa hiyo mlango huu ndio unaoingiza ile sabuni?"

"Huu huu. Imekuumiza, sikufichi."

"Basi uachwe wazi kwa mikeka, ufungwe kwa sabuni."

"Na watu wa Kenya wakitaka uwe wazi kwa sabuni, ufungwe kwa mikeka?"

Semeni akajibu kwa niaba ya mumewe: "Nitabaki na panya."

"Mlango ukiwa wazi, mbuzi wako hutoka, na wa jirani huingia," Fanueli alisema. "Ila vitu vingine, kama mahindi, vina sheria zake. Ulizeni kwanza. Kuuliza hakutozwi ushuru."

Mikeka ilifika Mombasa ikiwa mikavu, ikaisha yote kabla ya Idd. Uweso aliacha kupika sabuni. Mafuta yake ya nazi sasa huyauza Mombasa kwa kina mama wanaosuka nywele, na mikeka huibeba begani mchana kweupe. Hulalamika bado, lakini kwa mazoea tu.

Siku ya Idd walikwenda Mwera.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nasikia nilikufa Horohoro," alisema Bibi Kijakazi.

"Ndiyo, bibi," alisema Uweso, macho chini. "Lakini hukuoshwa."

Semeni alimtandikia mkeka mzuri kuliko yote. Bibi akajilaza, akajinyoosha, akaukubali.

"Safari nyingine nisifie njiani," alisema. "Nifikisheni Mombasa. Sijapata kuiona."