Gari Lisilo na Jina

Jioni ile ya mazoezi madereva walikuwa watatu, na barabarani kulikuwa na magari manne.

Mulinge wa Muli ndiye aliyeliona kwanza. Alikuwa ameketi katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake, huko Mtito Andei, juu ya kiti cha lori alichokikongomea kwenye mbao, mikono yake ikishika usukani uliounganishwa na kompyuta. Mchana alikuwa fundi wa magurudumu kando ya barabara ya Mombasa. Jioni alikuwa mwandaaji wa mashindano ya magari ya mtandaoni. Wenzake wawili walikuwa kila mmoja kwake, wakizungumza kwa hedifoni: Gicheru, mwenye duka la kutengeneza kompyuta Kibwezi, na Yvonne, mwalimu wa shule ya msingi Mukuyuni.

"Nani mwingine ameingia?" Mulinge aliuliza.

"Hakuna mtu," alisema Gicheru. "Mwalimu, umeleta mwanafunzi?"

"Nikimleta mwanafunzi wangu wa gredi ya tatu, wewe utakuwa wa mwisho. Lakini hiyo si habari mpya."

"Ona huyu! Jana ulipanda mti na gari."

"Hebu wacheni mchezo," Mulinge alisema. "Angalieni nyuma yangu."

Kila gari katika mchezo ule lilikuwa na rangi zake, na jina la dereva lilielea juu ya paa. Gari lile la nne lilikuwa jeupe kama jivu lililopoa, na juu ya paa lake hapakuwa na herufi hata moja.

Mashindano yenyewe yalikuwa yafanyike Jumamosi. Waalikwa walikuwa wachezaji wa Kitui mjini, Mwingi na mji wa Wote, na kwa miezi mingi marafiki hao watatu walikuwa wameyaandaa kama watu wanaoandaa harusi. Yvonne aliandika kanuni. Mulinge alipanga mazoezi, akachagua hali ya hewa na zamu za kuanza. Gicheru, ambaye kompyuta yake ya dukani ndiyo iliyokuwa seva ya kuwakutanisha wote, alichora njia ya kushindania. Naye hakuchora uwanja wa Ulaya. Alichora barabara ya kwao, kutoka Kibwezi hadi Mtito Andei, pamoja na vituo vya mafuta, migunga, na ile kona mbaya iliyo karibu na Kambu.

Mulinge alikuwa amemwomba asiiache kona hiyo. Hapo ndipo baba yake, Muli wa Nthiwa, dereva wa lori, alipofia. Enzi za uhai wake mzee huyo alikuwa na desturi moja: kila alipopita karibu na nyumbani aliwasha taa kubwa mara mbili, na Kasiva, mkewe, akajua maji ya kuoga yawekwe motoni.

Gari lisilo na jina lilifika kwenye kona ya Kambu. Likapunguza mwendo. Likawasha taa mara mbili.

"Buda, mbona umesimama?" Gicheru aliuliza.

Mulinge aliachia usukani, akafuta macho.

Kesho yake Gicheru aliliondoa gari lile. Lilirudi. Aliifuta njia yote akaiweka upya, na walipoingia walilikuta limetangulia, limeegeshwa kwenye mstari wa kuanzia, injini ikinguruma taratibu.

"Seva inakataa kuanzisha mashindano," Gicheru alisema. "Inasema kuna dereva hajaandikishwa. Haikubali kumtoa. Inataka jina tu."

"Andika Mgeni, tuishie hapo," Yvonne alisema. "Watu wamejipanga tayari."

Lingekuwa jambo dogo. Lakini mwandaaji alikuwa Mulinge, na orodha ya madereva ilikuwa mikononi mwake. Alifikiria zile taa mbili. Kwa hiyo hakuandika Mgeni. Aliandika Muli, akabonyeza, wala hakutamka neno.

Papo hapo chumba kikajaa harufu ya breki zilizoungua.

"Mulinge!" Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, uji ukidondoka sakafuni. "Nani ameita jina la baba yako?"

"Hakuna aliyeita, mwaitu."

"Nimelisikia. Limeitwa na mtu, na mtu mwingine akaitika."

Akamweleza. Kasiva alisikiliza hadi mwisho, kisha akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alikuwa mwimbaji wa kwaya na mama wa kanisa, na kwa miaka yote Mulinge hakuwahi kumsikia akitaja mambo ya kale. Siku hiyo aliyataja, tena kwa sauti ya chini, kwa sababu Kanyiva, mkewe Mulinge, alikuwa amelala chumba cha pili na ujauzito wake ulikuwa umeiva.

"Mtoto akizaliwa si wetu bado," Kasiva alisema. "Ni wa aimu, wale wasioonekana. Siku anapopewa jina ndipo anapotolewa kwao, akawa mtu. Wewe tulikutoa hivyo. Jina la baba yako nilikuwa nimemwekea mwanao, kama ipasavyo kwa mzaliwa wa kwanza wa kiume. Na wewe umelitoa kwa nani?"

"Kwa baba mwenyewe. Aliwasha taa."

"Taa kila mtu anaweza kuwasha," Kasiva alisema.

Mulinge alirudi kwenye kompyuta kulifuta jina. Herufi zilifutika, akashusha pumzi, akageuka. Na alipotazama tena zilikuwepo, M, U, L, I, zikielea juu ya paa jeupe.

Tangu siku hiyo nyumba haikuwa na utulivu. Kiti cha lori kililia peke yake, kama kinavyolia dereva mnene anapoketi. Mulinge alipokigusa alikikuta kina joto. Kanyiva alikuta alama za viatu vyenye oili kutoka chumba cha nyuma hadi kitandani kwake, na alama za kurudi hakuziona.

"Mulinge, tuhame," alinong'ona. "Twende kwa mama yangu hata leo."

"Subiri Jumamosi ipite. Tukimaliza mashindano, tunazima kila kitu."

"Na chenyewe kikikataa kuzimika?"

Jumamosi, jua lilipokuwa linatua nyuma ya vilima, madereva walijipanga. Muli alianza mwisho akawapita wote, na mwanzoni waalikwa walimshangilia kwenye hedifoni wakiuliza huyu fundi ametoka wapi, lakini kadiri safari ilivyoendelea sauti zao zilipungua, mmoja akisema anasikia mtu akipumua sikioni mwake, mwingine akisema usukani wake unavutwa na mikono isiyo yake, wakatoka mmoja baada ya mwingine bila kuaga, hata wakabaki wale marafiki watatu na gari jeupe lililowazunguka kwenye kona ya Kambu kama fisi anavyomzunguka ng'ombe aliyelala, na bendera ya mwisho ilipoonyeshwa halikusimama, Gicheru akapiga kelele kwamba ameng'oa waya wa seva, ameushika mkononi, umeme hakuna, na bado kwenye skrini ya Mulinge barabara iliendelea kukimbia, na kutoka kwenye hedifoni, ambazo sasa alikuwa amezitupa sakafuni, ikatoka sauti nzito, yenye subira, ambayo haikuwa ya baba yake wala ya mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa, ikisema: "Ahsante kwa jina. Huyo wa tumboni ataitwa nani?"

Kanyiva alikuwa amesimama mlangoni. Aliisikia.

Mchungaji Mbogo alikuja na wazee wa kanisa. Waliomba hadi sauti zikawakauka, wakapaka mafuta miimo ya milango. Harufu ya breki haikuondoka. Ndipo Kasiva, ambaye hakuwa amevuka mlango wa mganga tangu aokoke, akamtuma mtu Mutomo, upande wa Kitui, kumleta bibi mmoja aitwaye Syokau.

Syokau aliingia chumba cha nyuma, akanusa, wala hakuketi. Alimwaga mbegu kutoka kwenye kibuyu chake, akazitazama, akazikusanya haraka kama mtu anayeficha kitu watoto wasikione.

"Hili ni jini la barabara," alisema. "Yako mengi kati ya hapa na Mombasa. Hayana ukoo wala kwao. Nyinyi mmechora barabara yao, likaingia."

"Si baba yangu?" Mulinge aliuliza, ingawa alijua.

"Marehemu baba yako alikuwa na jina lake, alipewa na wazazi wake. Kwa nini angekuja bila jina?"

Mulinge aliinamisha kichwa.

"Lifukuze, bibi," Kasiva alisema. "Sema unachotaka. Mbuzi, chochote."

"Lingekuwa mgeni ningelifukuza. Mgeni hufukuzwa. Hili si mgeni tena. Limepewa jina na mwana wa nyumba hii, jina la baba mwenye nyumba. Nitamfukuzaje Muli nyumbani kwa Muli?" Akafunga kibuyu chake kwa kitambaa. "Chomeni hivyo vyombo. Mtoto mpeni jina lingine, mumpe mapema. Mkiwahi, mmewahi."

Alikataa hata chai. Alitembea kuelekea barabarani upesi kuliko umri wake, wala hakugeuka nyuma.

Walichoma usukani, kiti na kompyuta. Huko Kibwezi Gicheru alifuta barabara aliyoichora, kazi ya miezi yake yote, kisha akaivunja seva kwa nyundo. Yvonne hakutaka tena kuzungumza kwa hedifoni, aliandika ujumbe mfupi tu: "Poleni. Ningeiandika mimi ile Mgeni."

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mzito, mzuri wa sura. Alilia mara moja tu, alipotoka. Baada ya hapo hakulia tena. Kanyiva alipomnyonyesha alinyonya akitazama dirisha linaloelekea barabarani.

Siku ya kupewa jina Kasiva alimpokea mapajani. Walikuwa wamekubaliana aitwe Kivuva, jina la baba yake Kanyiva. Lakini mazoea ya muda mrefu yana nguvu, na jina alilolitunza mwanamke yule tangu ujane wake lilimponyoka kabla ya lile jingine.

"Muli," alisema.

Nje, mbele ya nyumba, honi ya lori iliitika. Mulinge alitoka mbio. Ua ulikuwa mtupu, na kuku walikuwa wamejibana ukutani.

Aliporudi, mama yake alikuwa ameinama juu ya mapaja yake. "Wewe ni Kivuva," alikuwa akimwambia mtoto. "Unasikia? Kivuva. Wewe ni Kivuva, wa kwetu, umetoka kwao." Alirudia na kurudia, akiweka midomo kwenye paji lake. Mtoto alimtazama kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama anayemwita mtu mwingine aliye nyuma yake.

Simu ya Mulinge ililia. Alikuwa Gicheru, na alinong'ona kana kwamba kuna mtu dukani mwake.

"Mulinge, unajua nilivunja seva."

"Najua."

"Nimewasha kompyuta ya mteja. Mpya, haina hata mchezo. Imefungua barabara yetu."

"Zima."

"Nimezima. Haizimiki. Sikiza, ndugu yangu. Magari ni mawili. La mbele ni Muli. Nyuma yake kuna dogo, jeupe." Gicheru alizidi kushusha sauti. "Halina jina. Linamfuata polepole, kama linafundishwa. Sasa wanakaribia Kambu."

Mulinge alimgeukia mwanawe. Mapajani mwa Kasiva, ambaye bado alikuwa akiita Kivuva, Kivuva, sauti ikikwisha, mtoto alikuwa ameinua mikono yake miwili midogo, vidole vimekunjwa kushika kitu cha mviringo ambacho hakikuwepo. Taratibu, kwa uangalifu wa dereva aijuaye njia, akakigeuza kuelekea kushoto.

"Wameingia kona," Gicheru alisema.

Mtoto alifumba macho, akafumbua. Akafumba tena, akafumbua. Mara mbili.