Shati Lililorudi Bichi

Karani wa ofisi ya mizigo alinipigia simu jua likizama.

"Dada, njoo uchukue kifurushi chako kabla hatujafunga. Tena fanya haraka. Kinanuka."

Nikacheka. Kifurushi kilitoka ng'ambo, kwa familia ambayo ningeishi nayo wakati wa masomo. Nilijua tu ni zawadi. Nilipofika, karani alikuwa amejiziba pua kwa kola ya shati lake, akanisukumia kifurushi kwa rula. Kwa rula, jamani!

"Umeagiza maiti?"

"Ni zawadi."

"Zawadi kama hiyo hata adui yangu simwombei."

Njiani nikahisi kiganja kinalowa. Karatasi ilikuwa inavuja. Nikatazama vidole... ute. Ukivitenganisha, unavutika, haukatiki. Nikajipangusa ukutani kwa mtu, nikaongeza mwendo.

Ngoja niseme mambo yalivyoanza. Chuo kilikuwa kimenipa ufadhili na familia ya kunipokea. Ukiikataa familia, masomo nayo basi. Mama mwenyeji alikuwa na sauti laini, na aliongea lugha yetu vizuri kabisa. Alisema alifundishwa na wasichana waliotangulia kukaa kwake. Sikuuliza wako wapi siku hizi. Ombi lake lilikuwa moja: nimtumie nguo niliyoivaa, isiyofuliwa.

"Tuna mbwa mzee," aliniambia. "Macho yamemwishia. Akizoea harufu yako mapema, ukifika hatakusumbua."

Likaniingia akilini. Nikavua shati nililoshinda nalo juani, nikampa mama yangu alifunge na kulipeleka.

Mama yangu ni dobi. Nilimkuta barazani anapiga pasi mashati ya wateja. Hata sijafungua mdomo, aliiweka pasi chini.

"Wewe Profesa, umeniletea nini hapa?"

Tukakifungulia kwenye beseni.

Lilikuwa shati langu. Bichi, zito, limesokotwa kama tambara la deki. Kola imetafunwa hadi nyuzi. Kwapani, rangi yote ilikuwa imenyonywa. Vinywele vyeupe vifupi vimeganda kwenye vifungo, na mate... Mungu wangu, yale mate! Mazito, ya manjano, yenye mapovu. Linanuka fee! Harufu ya kinywa kilichofungwa siku nyingi kwa njaa. Nilitapika kwenye ndoo ya sabuni.

Mama akalinyanyua kwa kijiti hadi kwenye taa. Kifuani palikuwa na alama za meno. Duara dogo, nadhifu.

"Mbwa gani huyu?" akanong'ona.

Nikajiuma mkono. Nikalinganisha.

Sawasawa.

Simu ikalia. Mama mwenyeji, kwa video, anatabasamu.

"Shati limefika? Samahani, binti yangu. Amelikataa. Lilikuwa limefuliwa."

Nikamgeukia mama. Akainamisha macho.

"Sasa ningepelekaje uchafu wako kwa watu?" akasema kwa hasira ya mtu aliyefumaniwa. "Dobi mzima mimi, waje waseme mwanangu ananuka kikwapa? Nililifua. Nikalipiga na pasi."

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

"Msijali," akasema yule mwanamke. "Hebu tazama chumba chako."

Akaizungusha simu. Shuka nyeupe. Meza ya kusomea, taa yake, kabati. Tangu nizaliwe sijalala chumba kizuri vile, na nasema kweli, moyo wangu ulikitamani hata pale, shati likiwa bado kwenye beseni. Kisha simu ikashuka sakafuni, kando ya kitanda. Palikuwa na blanketi limevimba. Linapumua.

Slp... slp... slp...

"Huyo ndiye mbwa?"

"Ndiye."

Pembeni mwa blanketi ukatokeza mguu. Kisigino kimepasukapasuka. Kucha ndefu, za manjano, zimejikunja chini.

Mguu wa mtu.

"Siji!" nikapiga kelele. "Tafuta mwingine!"

"Kama hutaki, baki tu." Wala hakukasirika. "Yeye ameshapata. Kile kitambaa mlichofungia shati... amekipenda mno. Hakiachii."

Mama akajishika kichwa. Kitambaa chake cha kichwa! Alishinda nacho siku nzima kwenye mvuke na jasho, halafu akakiviringishia shati ili lisikunjike. Nguo za mtaa mzima anazitakatisha, zake mwenyewe hazikumbuki. Mganga hajigangi. Na kwenye simu nikakiona, pindo lenye maua ya buluu, linaingia chini ya blanketi, linatoka, linaingia tena.

Simu ikakatika.

"Paa linavuja?" mama akauliza.

Tukatazama juu. Bati kavu. Akapeleka mkono kisogoni, akaurudisha taratibu mbele ya taa. Vidole vilitoka na ute.

Tangu siku ile haukauki. Namfuta, unarudi. Nywele za kisogoni zimeng'oka kwa mafungu, ngozi imekuwa nyeupe na mikunyanzi kama vidole vilivyoshinda majini. Wateja wameanza kuchukua nguo zao mlangoni bila kuingia. Nampenda mama yangu, lakini nikimkumbatia nabana pumzi, na anajua. Mganga tuliyemwendea alimnusa mara moja, akaruka nyuma.

"Hiki hakitolewi huku," akasema. "Kitu chake kikatolewe kule kilipo."

Hakueleza zaidi. Alitushikia mlango tutoke.

Mama hataki niende. "Niache mimi, nimeshaishi," ananiambia. Nikamwambia anyamaze. Mama mwenyeji nimeshamwambia naja; tiketi iko tayari, kesho nasafiri. Wenzangu wanaoenda ng'ambo huwaza baridi na mitihani. Mimi nawaza kinywa kile kilichong'ang'ania kitambaa cha mama. Nitakitanua vipi? Nitatia vidole mpaka wapi?

Jioni hii mama mwenyeji amepiga tena.

"Tunakungoja kwa hamu, binti yangu. Ndiyo natandika kitanda chako. Niambie, unalala chali au kifudifudi?"

Nikamtazama mama. Alikuwa amejiegemeza mezani, kisogo kinang'aa.

"Chali," nikamdanganya.

Nikamsikia akimgeukia mtu pembeni yake, kwa sauti ya kubembeleza:

"Si kitu, baba. Utamgeuza."