Suruali ya Mvua ya Mabruki

Mabruki ni dereva wa bodaboda mjini Tabora. Mkewe, Zamda, ni fundi cherehani. Asubuhi mume hufuta pikipiki uani, mke hutia mafuta cherehani barazani. Kila mtu na mashine yake.

Mvua zilipoanza, suruali ya mvua ya Mabruki ilichanika katikati ya miguu. Zamda aliipiga mshono mara mbili.

"Hapo hapapiti kitu," alisema.

Maji yalipita.

Siku moja Mabruki alimpakia Advera, muuguzi, kwenda Goweko. Njiani mvua kubwa iliwakuta. Maji yalijikusanya mapajani mwake, yakapenya kwenye mshono. Mengine yaliteremka hadi kwenye gambuti, maana suruali aliichomeka humo. Yakajaa. Upepo ukampiga, vidole vya mikono na miguu vikafa ganzi. Mbuzi alipokatiza barabara, Mabruki alichelewa kushika breki. Wote wawili wakajikuta kwenye matope.

Advera hakuumia. "Leo mbuzi," alisema, akikamua sketi yake. "Kesho lori."

Jioni Zamda alimkuta mumewe akitetemeka.

"Pikipiki hii tunaiuza. Sitaki ujane kwa ajili ya nauli ya Goweko."

"Tukiiuza tutakula nini?"

"Tutajua ukiwa hai."

Jirani yao Ngollo alikuwa amefuata shati lake. Kazi yake ni kuziba maturubai ya malori ya tumbaku. Alichukua ile suruali, akaiinua kwenye taa.

"Mama Najiat," alimwambia Zamda, "hebu tazama."

Mwanga ulipenya kwenye mshono, tundu kwa tundu.

"Unasema mshono wangu mbovu?" Zamda aliuliza.

"Mzuri sana, kwa suruali ya Idi. Hii haishonwi ikaachwa hivyo. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Safisha, kausha, kisha bandika kiraka kwa gundi upande wa ndani. Kiwe kipana kuliko mshono."

"Lakini niliijaribu bombani," Mabruki alisema. "Haikuvuja."

"Ulikuwa umesimama. Pikipiki unaiendesha umesimama? Na nani kakwambia uchomeke suruali kwenye gambuti? Bati la nyumba yako linamwaga maji sebuleni?"

Mabruki alicheka, ingawa meno yalikuwa yanagongana.

Zamda hakucheka. Kesho yake alikata kiraka kutoka koti kuukuu la mvua, akakibandika, akakiwekea jiwe juu hadi gundi ikakauka vizuri. Kisha Mabruki akaivaa pamoja na koti lake la mvua, suruali ikiwa nje ya gambuti, mikono ya koti imebanwa kwa mpira. Akakaa juu ya pikipiki uani. Zamda akainua ndoo.

"Polepole, mke wangu!"

"Mvua ya Goweko huwa inakuomba ruhusa?"

Alimwagia mapajani, kifuani, mgongoni. Maji yaliingia shingoni tu. Wakaongeza kitambaa cha kufunga shingo.

Mvua iliporudi, Mabruki alimpeleka Advera tena. Safari hii alimnunulia naye koti la mvua. Alikwenda taratibu, kwa sababu koti zuri halikaushi barabara.

Aliporudi, Zamda alikuwa anamsubiri mlangoni. Hakusalimia. Alimvua gambuti, akatoa soksi, akazikamua kwa nguvu zote.

Halikutoka tone.

Akamshika vidole. Vilikuwa na joto.

"Haya," alisema. "Ingiza pikipiki ndani, isilowe."