Chujio Lililobaki Safi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kijiti alishika njia ya mabwawa, reki begani na ndoo mkononi. Walimwita Kijiti kwa wembamba wake, na mwenyewe alikuwa amekwisha kulizoea jina hilo. Kazi ya mabwawa ilikuwa ya mama yake. Majitaka ya kijiji chote yalifika kule kwa mfereji, yakapita kwenye chujio la nondo, yakatulia katika bwawa la kwanza, kisha yakaingia la pili kwa bomba. Yalipofika la tatu yalikuwa yametakata, ndipo yakaachiwa bondeni. Sasa mama alikuwa ameumia mgongo, hawezi kuinama. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikwisha kuonya kwamba mabwawa yakiharibika, atatafuta mtu mwingine. Nyumba ile haikuwa na mshahara mwingine.

Kwa hiyo Kijiti ndiye aliyekokota matambara, nepi na maganda yaliyonasa kwenye chujio. Harufu ilimfuata mpaka darasani. Mwenzake wa dawati alisogea, akasogea tena, hata nusu ya makalio yake ikawa hewani. Wengine walicheka. Kijiti naye alicheka ili asilie.

Siku moja akapata akili, au kile alichodhani ni akili. Aling'oa chujio, akaliegemeza ukutani. Kisichonasa hakihitaji kukokotwa! Alirudi nyumbani mapema, akaoga, akanukia sabuni. Mama alipomuuliza hali ya chujio, alijibu kwamba ni safi. Alijiambia kwamba huo si uongo, kwani chujio lilikuwa safi kweli. Alijibu hivyo siku nne mfululizo.

Siku ya tano bwawa la kwanza lilifurika. Majitaka yalibomoa ukingo, yakateremka kwenye bustani za mboga, yakaingia katika kisima pekee cha kijiji. Kisima kikafungwa, na chemchemi ya karibu ilikuwa mwendo wa saa mbili. Jioni hiyo mtoto wa jirani alianza kuharisha, akalazwa zahanati.

Fundi bomba alipoitwa, aliingiza waya ndani ya bomba la mabwawa, akavuta furushi la matambara na nepi. Kisha akaliona chujio ukutani, kavu kabisa. Aliuliza ni nani aliyeling'oa. Watu wote wakamgeukia mama, aliyekuwa amesimama kwa msaada wa fimbo. Mama alilitazama chujio, akamtazama binti yake, akaelewa.

"Ni mimi," alisema.

Kijiti angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilichoka kunuka."

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kazi akapewa mwashi wa kijijini.

Ukingo ulijengwa upya, chujio likarudi mahali pake. Lakini kisima kilibaki kimefungwa, na mtoto wa jirani alirudi baada ya wiki nzima, macho yameingia ndani. Darasani hakuna aliyemkwepa Kijiti tena, maana kijiji kizima sasa kilinuka sawasawa.

Asubuhi moja mama, akiwa na Kijiti, alijikongoja mpaka mabwawani kumfundisha mwashi namna ya kuvuta reki. Njiani wakirudi, Kijiti hakuweza kuvumilia.

"Mama, kazi imekwenda. Nilisema ukweli wa nini?"

Mama alisimama kupumzisha mgongo. Hakutabasamu.

"Kazi imekwenda, na sitakudanganya kwamba itarudi. Lakini ungenyamaza, ningeishi na mtoto nisiyeweza kumwamini, na hilo halina fundi bomba. Na ujue jambo hili, mwanangu. Uchafu usipoutoa wewe, haupotei. Unahamia kwa jirani."

Walipofika nyumbani Kijiti alichukua ndoo yao, akapita kwa jirani kuomba ya kwao ili awachotee maji, akaanza safari ya chemchemi.