Madaftari ya Mvua ya Baba Kahindi

Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, baba yangu Kahindi alikwenda kusoma mvua. Nyuma ya nyumba yetu hapa Ganda alisimika mkebe wa kupimia mvua aliopewa na bwana shamba. Alimimina maji kwenye chupa yenye mistari, akainama, akafumba jicho moja, kisha akaandika kwenye daftari. Siku kavu aliandika sifuri. Hakunywa chai kabla ya kazi hiyo. Sisi watoto tulimcheka chini chini. Mama alisema mumewe ameoa wake wawili, na yule wa pili ni wa bati.

Aliandika hivyo miaka ishirini na tatu. Alipofariki alituachia madaftari hayo sandukuni, na debe moja la mbegu ya mdzihana. Hayo ni mahindi ya zamani ya kwetu. Baba aliichagua mbegu hiyo kwa mkono wake, mwaka baada ya mwaka. Dukani huipati.

Mwaka jana mvua ilinyesha katikati ya Machi. Mama akapanda nusu ya debe. Mahindi yaliota, yakafika urefu wa kidole, kisha jua likawaka wiki mbili. Yote yakafa. Mama yangu Kache si mtu wa kulia ovyo, lakini siku hiyo alikaa mlangoni wala hakupika.

"Imebaki nusu," aliniambia. "Nikikosea tena, mbegu ya baba yako imekwisha."

"Sasa tutaijuaje mvua ya kweli na mvua ya uongo?"

"Baba yako angejua," alisema mama. Hata mimi nilikuwa nikifikiri hivyo hivyo.

Mimi nashona nguo mjini Malindi. Mteja wangu mmoja ni Lubna, mtu wa mtaa wa Barani, anayefundisha kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi. Siku moja alikuja kujaribu dera lake. Nilipomsimulia habari ya madaftari, dera likasahauliwa.

"Miaka ishirini na tatu? Kila siku? Nanyi mmeyafungia sandukuni? Wallahi, Everlyne, mmelalia mali. Jumamosi nakuja kwenu."

Akaja kweli. Alimkuta mama uani, ungo mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Lubna aliketi akatazama mikono ya mama kwa muda. "Mama, unafanya nini hapo?"

"Nachagua mbegu za kunde. Kwani huoni?"

"Naona. Lakini nieleze kana kwamba mimi sijui lolote."

Mama alinigeukia, kama kuniuliza iwapo mwalimu huyu ni mzima. "Haya. Naokota punje moja. Naitazama. Kama imetobolewa, natupa. Kama ni nzima, natia kwenye kopo. Kisha naokota nyingine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ungo uishe! Wewe ungeachia katikati?"

Lubna akacheka. "Basi, mama, umekwisha kutunga programu. Programu ni maagizo tunayoipa kompyuta, hatua kwa hatua. Hapo uliposema 'kama imetobolewa, natupa', hilo ni sharti. Na hapo unaporudia punje baada ya punje mpaka ungo uishe, huo ni mzunguko. Kompyuta haina akili kukushinda. Imekushinda kwa kutochoka tu."

"Itajua mvua itakuja lini?"

"La, mama. Kompyuta si mganga. Itatuambia mvua ilifanya nini miaka iliyopita. Kuamua ni kwako."

Alitoa karatasi, tukaandika maagizo kwa Kiswahili kwanza.

"Chukua mwaka mmoja," alisema Lubna. "Anza tarehe mosi Machi. Jumlisha mvua ya siku tatu. Kama haifiki milimita ishirini, songa siku moja mbele, urudie. Kama inafika, tazama wiki tatu zinazofuata. Mama, mche mchanga wa mdzihana unavumilia jua siku ngapi?"

"Sita. Ya saba unainamisha kichwa."

"Andika, Everlyne. Kama katika wiki hizo kuna siku saba kavu mfululizo, mvua hiyo ni ya uongo. Songa mbele, urudie. La sivyo, hiyo ndiyo mvua ya kweli, iandike tarehe yake. Kisha chukua mwaka mwingine, mpaka madaftari yaishe."

Tangu Januari nikawa naenda Barani kila Jumamosi kuingiza namba kwenye kompyuta ya Lubna. Machi hadi Juni, mwaka kwa mwaka. Lubna alinifundisha maneno machache ya Kiingereza ambayo kompyuta huyataka badala ya "kama" na "rudia". Hayakuwa magumu. Kilichonipa tabu ni mwandiko wa baba. Madaftari yalinuka moshi wa jikoni kwetu. Pembeni mwa namba aliandika mambo yake. "Milimita 31. Barabara haipitiki." "Milimita 14. Everlyne kaanza kutembea." Hapo nilisimama nikatoka nje kwanza. Niliporudi, Lubna alinimiminia kahawa.

Tulipoiwasha programu mara ya kwanza, iliandika "Machi 1, Machi 1, Machi 1" bila kukoma. Nilikuwa nimesahau agizo la kusonga siku moja mbele.

"Umeirudisha punje ileile kwenye ungo," alisema Lubna. "Utaiokota mpaka kiama."

Tukarekebisha. Mara ya pili tarehe zilitoka vizuri, mwaka mmoja baada ya mwingine. Nikazipeleka kwa mama kwa furaha, nikamsomea.

Nilipofika mwaka wa elfu mbili na tatu, nilisoma, "Mvua ya kweli, Mei ishirini na nne."

"Uongo," alisema mama.

"Mama, ni kompyuta imehesabu."

"Hata ihesabu kwa vidole vya miguu. Mwaka ule tulipanda Aprili, tukavuna mpaka tukakosa pa kuweka. Nakumbuka kwa sababu mahindi yalikuwa yameota tu, akafa Ngowa, nduguye baba yako. Tukaenda hangani, kwenye matanga yake, siku saba, kisha siku nyingine za kumaliza msiba. Lete daftari."

Mama hajui kusoma sana, lakini aliweka kidole palepale. Siku zile zote baba alikuwa amechora kistari.

"Hiki ni nini?"

"Kistari. Kompyuta ilikikataa, ikataka namba. Nikaweka sifuri."

Mama alinirudishia daftari. "Sifuri ni kusema hapakunyesha. Baba yako hakusema hapakunyesha. Alisema hakuwepo."

Niliona haya. Kwetu mtu akiwa hangani hawazi shamba wala mkebe, na kila mtoto wa Ganda anajua hivyo. Mimi nilijua, nami ndiye niliyeligeuza hanga la Ngowa kuwa kiangazi.

Nilipomweleza Lubna, alijipiga paji la uso. "Mama yako kanishinda. Siku kavu ni kitu kimoja, siku isiyojulikana ni kitu kingine. Tuongeze sharti. Kama kuna kistari, usihesabu mvua wala ukavu. Na kama mwaka una vistari vingi mno, uweke kando, tusiusemee."

Miaka miwili ikawekwa kando. Ikabaki ishirini na mmoja. Katika miaka kumi na miwili, mvua ya Machi ilifika kipimo. Katika hiyo kumi na miwili, tisa ilikuwa ya uongo. Mvua ya kweli, mara nyingi, ilianza kati ya tarehe nane na ishirini na tano Aprili. Na mwaka ule wa Ngowa ulisoma Aprili, kama mama alivyosema.

Tarehe kumi na tisa Machi mwaka huu, mvua ikapiga. Ganda nzima ilitoka na majembe. Jirani yetu Sanga aliita kutoka ng'ambo ya ua.

"Kache! Mvua imekuja nawe umekaa?"

Mama alikuwa amesimama, jembe mkononi. Harufu ya udongo ilikuwa imejaa uani. Nilijua anavyotamani kupanda.

"Miaka tisa mvua ya Machi ilimdanganya mwenye shamba," aliniambia polepole. "Mitatu haikumdanganya. Nikingoja, huenda nikachelewa."

"Ni kweli, mama."

"Ukichelewa unavuna kidogo. Ukiwahi mvua ya uongo, huna hata mbegu." Akaliegemeza jembe ukutani. "Nangoja."

Zilikuwa siku ndefu. Watu walimtania kwamba anasubiri barua kutoka mbinguni. Siku ya tatu mvua ikakatika. Siku ya kumi ya jua mahindi ya Sanga yalikuwa yamekauka, naye hakuita tena kutoka uani.

Tarehe kumi na tatu Aprili mvua ilirudi na haikuondoka. Mama alifungua debe. Kabla ya kupanda alipima vibaba viwili, akanituma kwa Sanga.

"Mama, yenyewe ni nusu debe!"

"Mbegu ikikaa nyumba moja, hufa siku moja. Nenda."

Sanga alipokea kwa mikono miwili.

Agosti tulivuna magunia manne. Mama aliteua mahindi mazuri, akayatundika juu ya meko yapate moshi. Jioni Sanga akaja na kapu la mahindi yake ya mdzihana, yamejaa punje mpaka nchani. Mama alichukua hindi moja, akaligeuza geuza mkononi.

"Kahindi," alisema. Hakuwa akisema nasi. "Haijaisha."