Msukumaji wa Katapumzi

Spès alimwinua bintiye kutoka mkekani, na mikono yake ikapanda juu kupita alivyokusudia, kama mtu aliyeinua bidoni akidhani limejaa maji kumbe ni tupu. Akamtazama vizuri. Irankunda alikuwa na mashavu yake yote, na tumbo la ugali wa jana bado lilionekana. Hakuwa amekonda. Alikuwa mwepesi tu.

"Baba Irankunda," akaita. "Kuya kidogo, mubebe huyu mutoto."

Herménégilde alikuwa uani anaziba pancha. "Ni malaria ile," akajibu bila kuinuka. "Nguvu itarudia."

Spès alimjua mumewe. Mgongo wake uliweza gunia zima la mchele, lakini uso wake haukuweza kubeba uongo hata wa kilo moja.

Ilikuwa vita ya pili, ile ambayo kila mwenye bunduki alijiita serikali. Barabara ya Uvira kwenda Bukavu ilijaa barieri za wenye bunduki. Kwenye hii mtu aliacha unga, kwenye ile akaacha viatu, na wengine waliacha roho. Kwa hiyo wenye baiskeli wa bonde la Ruzizi, kuanzia Luvungi mpaka kwao Lubarika, walihamia vijia vya milimani. Baiskeli hizo, kinga kwa lugha ya huko, hazikupandwa, zilisukumwa. Fimbo ilifungwa kwenye usukani iwe ya kushikia, na mzigo ukafungwa nyuma kwa kamba za mpira, ukapanda hadi kumpita mwenyewe kimo, asiweze kuona kilichoko nyuma yake. Palipokuwa pakali kuliko pote waliita Katapumzi, na Katapumzi hakuna aliyeipanda peke yake. Ulihitaji msukumaji nyuma ya mzigo. Hukumwona, ulimsikia tu: wewe ukisema "Sukuma!" naye akijibu "Niko!" Mkifika juu, mnafungua mzigo naye anachukua sehemu yake. Kama ni muhogo, muhogo. Kama ni mawese, kikombe cha mawese. Ndiyo maana hata usiyemfahamu ulimpigia kelele ile ile: "Sukuma, utakamata yako kwenye muzigo!" Mtu wa baiskeli alilisema neno hilo bila kufikiri, kama vile wengine wanavyosema pole.

Siku Irankunda aliposhikwa na degedege, Spès mwenyewe alikuwa chini, anatetemeka kwa homa hiyo hiyo. Dispansari ya bondeni ilikuwa imekimbiwa na wauguzi wake. Iliyobaki ni ya masista, ng'ambo ya Katapumzi. Herménégilde alimlaza mtoto ndani ya kitunga kirefu juu ya baiskeli, akamtandikia kigodoro, akamfunika kwa turubai, akaondoka.

Katikati ya Katapumzi ukungu ulishuka na miguu yake ikagoma. Chini ya turubai mtoto alikuwa amenyamaza, naye hakujua kama amelala au amekwenda. Baiskeli ilianza kumrudisha nyuma. Akalia, mwanaume mzima, akapiga kelele kuelekea ukunguni: "Yeyote uko hapo, sukuma! Utakamata yako kwenye muzigo!"

"Niko," sauti ikajibu nyuma yake.

Baiskeli ikawa nyepesi. Walipanda mbio, yeye na huyo wa nyuma asiyemwona, na juu kabisa alipogeuka kushukuru hapakuwa na mtu. Akadhani ni mkimbizi fulani aliyeona haya kuonekana. Mwenye shida hana muda wa kuuliza. Masista walimchoma mtoto sindano, degedege likaisha, na baba akarudi kwao akiimba.

Sasa nyimbo zilikuwa zimekwisha. Kila jioni nyumbani kwao kulianza kunuka mpira unaoungua, kama mtu anaposhuka mlima na kufunga breki kwa kukandamiza sandali yake kwenye gurudumu. Kisha pumzi zikasikika nyuma ya ukuta, hee, hee, pumzi za mtu anayepanda, ilhali Lubarika ni tambarare kama sinia. Spès alizunguka na taa mara kadhaa asikute kitu. Halafu akagundua jambo la mkeka. Alimlaza mtoto karibu na mafiga, lakini kila asubuhi alimkuta karibu na mlango.

Jioni moja hakumwondolea mtoto macho. Aliketi na bakuli la maharagwe mapajani, akijifanya anachambua, moshi wa kuni ukimwasha, na harufu ya mpira ikaja, na pumzi zikaja, lakini safari hii hazikubaki nyuma ya ukuta, zilikuwa ndani, hapo hapo, chini usawa wa sakafu, upande wa kichwa cha mtoto aliyelala, hee, na mkeka ukasogea kidogo, hee, ukasogea tena, taratibu, bila pupa, kama kazi inavyofanywa na mtu anayeijua kazi yake, ukiburuta vumbi mbele yake, na Irankunda juu yake akitabasamu usingizini, mpaka ukingo wa mkeka ukagusa kizingiti na Spès akamrukia mwanawe na kumkumbatia, na hakuhisi uzito wowote zaidi ya nguo.

"Hermé!" alinong'ona, maana kupiga kelele aliogopa. "Uliniletea nini kwa hii nyumba?"

Ndipo Herménégilde, amesimama mlangoni, akasema lile neno alilolipigia kelele ukunguni. Na alipolisikia likitoka mdomoni mwake mwenyewe, pale mbele ya mtoto, akalielewa. Akaketi chini.

Alfajiri alikwenda Luvungi kumleta Mama Capitoline. Huyo alifukuza majini kwa rozari mkono huu na mizizi mkono ule, na padri alishachoka kumgombeza. Alikuwa na mdomo mkali. Alipofika alitukana kwanza ubovu wa njia, kisha akamwinua Irankunda, na matusi yakamwisha.

Alisali. Alifukiza majani mpaka kuku wakakimbia. Alinyunyiza maji pembe zote akaamuru, kwa jina la Yesu na la wakubwa wote wa mbinguni, aliyeko atoke.

"Niko," ikajibu sauti nyuma ya ukuta, kwa adabu.

Capitoline akakaa juu ya kigoda, jasho linamtiririka. "Shetani mwizi ninamufukuza," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu haiko mwizi. Mulimuita, akatumika, hamukumupa yake. Ninamufukuza kwa neno gani?"

"Tumupe muhogo," Spès akasema. "Tumupe yote iko ndani."

"Muhogo ilikuwa kwenye kinga ile siku?"

Spès akamgeukia mumewe.

"Ninauliza kinga yenu ilibeba nini."

"Mutoto," akasema Herménégilde.

"Na nini tena?"

"Kigodoro. Turubai." Aliitazama mikono yake, viganja vyenye sugu ngumu za ile fimbo ya usukani. "Na minye nilikuwa."

"Weye ulikuwa unasukuma. Haukukuwa muzigo."

"Basi nitakuwa muzigo," akasema.

Spès alimpiga. Alimpiga kifuani kwa ngumi mbili, akamwita mjinga, akamwita mwuaji, akamwambia mchuma janga hula na wa kwao na wao sasa wamekula. Kisha akaenda kumpikia sombe ya majani ya muhogo iliyobaki, yote, bila kubakiza ya kesho. Alimchukia na alimpenda, na hakujua lipi limezidi. Herménégilde alikula polepole.

"Nitakaa nyuma pale chini ya Katapumzi," alimweleza, "mahali pa muzigo. Nitaachilia usukani. Akisukuma, anisukume."

"Na kama hautamutosha?"

"Minye ni mukubwa kuliko mutoto, Mama Irankunda. Atashiba."

Akaondoka asubuhi, baiskeli tupu ikimlialia pembeni.

Jua lilipokuwa utosini, Spès alikuwa ameketi mlangoni na Irankunda amelala mapajani mwake. Ghafla mapaja yakamuuma. Mtoto alikuwa mzito, mzito kweli, mzito kama mtoto wa watu. Spès akacheka kwa sauti, na kicheko hicho hicho, kabla hakijaisha, kikageuka kuwa kilio ambacho majirani walikisikia wakajua kuna msiba.

Kesho yake baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba. Ilikuwa imelowa ukungu, na bondeni hakukuwa na ukungu. Mahali pa mzigo palikuwa na joto bado.

Mvua zikapita, na kiangazi kikaingia na bunduki zake. Siku moja mchana risasi zilianza upande wa mto, na Lubarika nzima ikakimbilia milimani. Spès alitaka kupita popote isipokuwa Katapumzi, lakini vijia vingine vilikuwa na askari. Alifunga muhogo na masufuria juu ya baiskeli, akamketisha Irankunda juu yake, akashika fimbo. Wenye miguu mepesi walimpita mmoja mmoja, mpaka akabaki nyuma peke yake.

Kwenye ule mpando alikaza meno. Hakuita. Alikuwa ameapa kwamba hata afe hataita, na hakuita, hata miguu ilipoteleza, hata magurudumu yalipoanza kurudi nyuma na risasi zikilia bondeni. Ukungu ukashuka. Na baiskeli, bila kuombwa na mtu, ikawa nyepesi.

Mpira unaoungua ulinuka. Lakini chini ya harufu hiyo ilikuwepo nyingine, ya shati la mtu anayetoka safari, jasho na moshi na mawese, na Spès akahisi moyo wake unapasuka.

"Mama," Irankunda akasema juu ya mzigo, akitazama nyuma. "Baba anasukuma."

Machozi yalimtoka kwa furaha. "Anakuambia nini, mama yangu?"

"Hasemi kitu. Anapumua tu. Ule mwengine njo anasema."

"Ule mwengine." Spès hakugeuka. "Anasema nini?"

"Anasema, niko."

Kila mtu wa baiskeli anajua kwamba mzigo ni kile kilichofungwa kwenye chuma. Kinachobebwa mwilini hakihesabiwi. Spès aliwaza hivyo na mikono yake ikatenda papo hapo. Alimnyakua mtoto, akamtupia mgongoni, akamfunga kwa kitenge kwa fundo la kuumiza, akaiachia fimbo. "Kamateni byote!" akapiga kelele. "Muhogo, sufuria, kinga yenyewe! Kamateni!"

Baiskeli haikuanguka. Ilimpita ikiwa wima, ikaendelea kupanda na mzigo wake, kengele ikilia kila gurudumu lilipogonga jiwe, mpaka ukungu ukaimeza.

Kukawa kimya. Spès alimshukuru Mungu, akaanza kupanda. Mtoto alikuwa amelala mgongoni, mzito, mwenye joto, na mama aliubariki uzito ule uliomkata mabega. Alipanda, akapanda. Ajabu, hakuchoka. Miguu ilipata nguvu, mpando ukalainika, na alidhani ni furaha ndiyo inayomwinua, akaendelea kudhani hivyo kwa kitambo, kwa sababu alitaka sana iwe hivyo. Kisha akapeleka mkono nyuma kumpandisha mwanawe juu kidogo, jinsi mama anavyofanya kitenge kikilegea.

Chini ya mtoto ulikuwapo mkono mwingine tayari. Kiganja kilikuwa baridi, na kilikuwa na sugu ya fimbo, sugu ambayo Spès aliijua tangu siku ya harusi.

"Niko," Herménégilde akamwambia sikioni, taratibu, na mtoto mgongoni akazidi kuwa mwepesi.